Darubini ya Mzee Premji

Walimwambia asubiri nje, akasubiri. Lusia alikuwa ametoka shambani moja kwa moja, na karani wa shule alipoona mabuti yake ya mpira yamejaa udongo wa viazi, akamnyooshea kidole: ayavue, sakafu imepigwa deki. Basi mama mtu mzima, mke wa mzee wa kanisa, akasimama kwenye veranda na soksi zilizotoboka vidole, wanafunzi wanapita wanachungulia, wengine wanabana kicheko. Na baridi ya Uyole, hapa Mbeya, mnaijua, haina adabu, inapanda kutoka kwenye saruji mpaka magotini. Ndani alimsikia mkuu wa shule akicheka na mtu kwenye simu.

Alipoitwa hakuonyeshwa kiti. Mwalimu Eliezeri, mkuu wa shule, alikuwa mtu wa suti hata siku ya kazi za mikono. Mbele yake mezani palikuwa na kioo cha mviringo, kipana kama sahani ya wali.

"Unakijua hiki, mama?"

"Kioo, mwalimu."

"Kioo!" Mkuu akamgeukia Mwalimu Jailos, kijana wa fizikia aliyekuwa amesimama kwenye kona. "Anasema kioo. Mama, huu ndio moyo wa darubini. Ile pale nyuma ya mlango, unaiona? Tulipewa na Mzee Premji, yule mfanyabiashara wa mjini aliyefariki. Jumamosi ya wiki ijayo binti yake anatoka Iringa kuja kuiona. Anataka kutujengea maabara. Sasa nitamwonyesha nini? Mwanao Blandina ameingia humu ofisini, ameiiba, ameichezea, ameiua."

Lusia akatazama nyuma ya mlango. Palisimama bomba refu jeupe juu ya miguu mitatu, na koti la mkuu limetundikwa juu yake. Akakitazama kioo. Kilikuwa na mikwaruzo, duara juu ya duara, na katikati kimebabuka kabisa.

"Blandina ameiba?" aliuliza.

"Nimeshamtangaza mstarini leo asubuhi. Shule nzima imesikia. Hapa hatufugi wezi. Mlete darubini nyingine, au mtoto abaki nyumbani mlime naye."

Darubini nyingine! Kana kwamba zinauzwa soko la Uyole, kati ya fungu la nyanya na fungu la vitunguu. Na huyo mtoto yuko kidato cha nne. Akiondolewa sasa, katikati ya mwaka, hakuna shule itakayompokea, na mtihani wa taifa ataukosa. Mkuu alilijua hilo vizuri sana, ndiyo maana alilisema huku akipanga kalamu zake.

Lusia akamtazama Mwalimu Jailos, aseme neno. Jailos alikuwa anatazama viatu vyake.

* * *

Nyumbani, kwenye mteremko juu ya Uyole, Blandina alikuwa amejikunyata jikoni, macho yamevimba. Baba yake, Gerson, alishamaliza kuuliza na kukemea, sasa anazunguka uani akimtafuta jogoo.

"Unamtafutia nini huyo jogoo?" Lusia akauliza.

"Tukaombe msamaha, Mama Blandina. Mtu haendi kuomba msamaha mikono mitupu."

"Msamaha wa nini? Umeshajua kosa?"

"Kosa la mtoto ni la mzazi."

Lusia akaachana naye, akaingia jikoni, akakaa kwenye kigoda. "Haya. Niambie, na usinifiche hata nukta. Uliichukua?"

"Niliichukua, mama. Lakini sikuiba. Mwalimu Jailos ndiye alinipa ufunguo wa ofisi. Jumatano, mkuu alikuwa mjini kwenye kikao. Alisema nikapige picha, halafu nirudishe kabla mlinzi hajafunga."

"Mwalimu Jailos! Mbona leo alikuwa bubu?"

"Anasubiri barua ya ajira, mama. Anajitolea tu pale. Mkuu ndiye wa kumpendekeza."

Mwe! Lusia akapiga makofi mara moja, yale ya mtu aliyeona makubwa.

Blandina akafungua begi, akatoa kamera ndogo ya dijitali, ile aliyopewa na mjomba wake Ambrosi, mpiga picha wa harusi, aliponunua kubwa. Mlango wa betri ulikuwa umekatika, umefungwa kwa raba. Akaiwasha, akampa mama yake.

Lusia alidhani ataona uso wa mtu. Aliona mwezi. Nusu mwezi, lakini si huu wa kuangalia ukitoka kwenda chooni. Ulikuwa umejaa mashimo, makubwa na madogo, kama uji wa ulezi unapotokota, na pale giza lilipoanzia kila shimo lilikuwa na kivuli chake. Ungeweza kuyahesabu. Lusia akakisogeza kile kioo cha kamera karibu na pua.

"Hii umeipigaje wewe?"

Na mtoto, hata katika msiba wake, akachangamka. Akaeleza kwamba mwezi mpevu haufai, unawaka kote, hauna vivuli. Nusu mwezi ndio mzuri. Kwamba waliiweka darubini kwenye uwanja wa netiboli, jua limeshuka, mwezi uko juu utosini. Kwamba unaweka mdomo wa kamera kwenye tundu la kuchungulia, uzime flashi, uvute picha karibu kidogo mpaka ule weusi wa pembeni uondoke. Ukibonyeza kwa kidole inatikisika, picha inakuwa ukungu mtupu. Kwa hiyo unaweka taima, ijipige yenyewe, unabana pumzi. Na wakati umebana pumzi, mwezi nao unatembea, unatoka kwenye tundu, unaanza upya.

"Nyingi ziliharibika, mama. Mwalimu alikata tamaa akakaa chini. Halafu ndiyo nikapata hizi. Alishangilia mpaka akaniinua juu."

"Akakuinua juu. Na leo anaangalia viatu." Lusia akarudisha macho kwenye picha. "Sasa kioo chenyewe, siku hiyo kilikuwa kibovu?"

"Kingekuwa kibovu ningeyaona haya mashimo? Kilikuwa na vumbi tu. Mama, Alhamisi kulikuwa na usafi mkubwa wa kumpokea mgeni. Vitu vyote vya ofisini vilitolewa nje. Mimi nilikuwa zamu ya kuchota maji, sikuona nani alisafisha nini. Ijumaa asubuhi mkuu alitusifu mstarini, anasema shule inang'aa. Jioni yake ndiyo akaanza kuuliza nani aligusa darubini. Mlinzi akasema aliniona nikiirudisha."

Lusia akahesabu siku kwa vidole. Alhamisi usafi, Ijumaa jioni mwizi anatafutwa. Hasira ikampanda polepole, ikakaa shingoni.

"Zima hiyo kamera, usimalize chaji," alisema. "Kesho tunakwenda nayo."

* * *

Walikwenda wote watatu, na jogoo ndani ya kapu, maana Gerson hakukubali kumwacha. Safari hii walipewa benchi. Lusia hakukaa. Akaiweka kamera mezani.

"Mwalimu, tazama. Hizi alipiga Jumatano, kwa darubini hiyohiyo. Kioo kingekuwa kimekwaruzwa, angepata hivi? Na Alhamisi mlifanya usafi. Aulizwe aliyesafisha."

Mwalimu Eliezeri akaichukua kamera kwa vidole viwili. Akatazama picha ya kwanza, akabonyeza, akatazama ya pili. Akavaa miwani. Jogoo akaparua kapu. Picha ya sita hivi, uso wa mkuu ukaanza kulainika, na ni hapo Lusia alipopaswa kuogopa.

"Binti ana kipaji," alisema mkuu, kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya kwenye mahafali. "Ndiyo maana sisi walimu tunaumia mtoto wa namna hii akipotoka. Sikilizeni, wazazi. Mgeni atataka kuona darubini ya baba yake imewafaa nini wanafunzi. Hizi picha zinaweza kulinda heshima ya shule. Na ya binti pia."

"Kivipi?" Lusia akauliza.

"Mniachie hizi picha. Zitakuwa za klabu ya sayansi. Nyinyi mtaandika kwamba mtoto aliharibu kifaa kwa bahati mbaya na mnaomba radhi. Mimi nitasamehe. Jumatatu baada ya mgeni kuondoka, Blandina anarudi darasani. Siku ya mgeni asionekane, kwa sababu wenzake wameshamjua kwa jina lile."

"Jina ulilompa wewe."

"Mama Blandina!" Gerson akamshika mkono. "Mkuu, tunashukuru. Tunashukuru sana. Mungu akubariki."

"Lakini hakuharibu!" Lusia akasema.

"Mama," mkuu akatabasamu, "unaweza kuthibitisha? Picha ni picha. Mwezi ni mwezi. Hata kwenye mtandao imejaa."

Tazama unyama huo. Picha haiwezi kumtetea mtoto kwa sababu huenda ni ya mtandaoni, lakini inaweza kumtetea mkuu mbele ya mgeni, hapo si ya mtandaoni tena! Lusia akafungua mdomo amwambie. Kisha akamwona Blandina. Mtoto alikuwa ameviminya vidole vyake mpaka vimekuwa vyeupe, anamtazama mama yake, na macho yale yalikuwa yanaomba kitu kimoja tu: kubali, mama, nifanye mtihani.

Lusia akafunga mdomo. Gerson ndiye aliyeandika. Mkuu akachomoa kadi ya picha kwenye kamera, akairudisha kamera tupu, akamwambia karani apeleke jogoo nyumbani kwake.

Wakapanda mteremko. Walipofika, Lusia alichukua jembe akaenda shambani, akalima mpaka mikono ikawaka moto, na bado ile shingo haikulegea.

* * *

Siku ya mgeni, wazazi wote waliitwa. Blandina alibaki nyumbani kama alivyoamriwa. Gerson alimsihi mkewe naye abaki, Lusia akajifunga kitenge chake cha kanisani, akatangulia.

Binti wa Mzee Premji alikuwa mama wa makamo, jina lake Hiral, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Iringa. Alivaa salwari ya kawaida tu ya Kihindi na sweta. Aliwasalimia wazee shikamoo mmoja mmoja, akakataa kiti chenye kitambaa, akakaa kwenye cha plastiki kama wengine. Kiswahili chake kilikuwa cha Mbeya kabisa, maana ndiko alikokulia.

Ukutani mwa veranda zilibandikwa picha za mwezi, zimesafishwa kubwa, na chini yake maandishi mekundu: KAZI YA KLABU YA SAYANSI CHINI YA UONGOZI WA MKUU WA SHULE. Hiral alisimama mbele ya picha hizo muda mrefu. Aliigusa moja kwa ncha ya kidole.

"Baba alikuwa anatuamsha tuangalie," alisema. "Mimi nilikuwa nalalamika usingizi. Hakuwahi kupata picha hivi. Nani amezipiga?"

"Vijana wetu kwa jumla, mama," mkuu akajibu. "Ni kazi ya pamoja."

"Na darubini? Naomba niione."

Mwalimu Eliezeri akakohoa. Akasimama mbele ya umati, akaunganisha mikono kifuani. "Mheshimiwa mgeni, hapo ndipo penye huzuni yetu. Kuna mwanafunzi mmoja, malezi yake nyumbani si mazuri, aliiba kifaa kile na kukiharibu. Wazazi wake wamekiri kwa maandishi. Tumewasamehe kwa sababu ni watu duni, hawana uwezo wa kulipa."

Watu wakageuka. Hakuna aliyekuwa hajui ni nani. Gerson akainamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mwalimu Jailos, aliyekuwa ameshika kamba ya kipaza sauti, akaanza kuikunja kwa bidii kubwa.

Malezi! Mtu anakula jogoo wako, anakula picha za mwanao, halafu anakuvua nguo hadharani. Lusia alijikuta amesimama. Jirani yake akamvuta kitenge, "Kaa, mwenzetu, usituharibie maabara," Lusia akautoa mkono ule.

"Huyo mwanafunzi ni mwanangu," alisema. "Anaitwa Blandina. Na hizo picha ukutani ni zake, kazipiga yeye, kwa kamera iliyofungwa kwa raba. Mwezi huo hapo, kila shimo linaonekana. Mtu aliyeharibu kioo anapigaje picha hiyo?"

"Mama, taratibu," mkuu alisema. "Mwalimu Jailos, mtoe huyu mama nje."

Jailos akapiga hatua moja, akasimama, akabaki hapo katikati, si huku si kule.

"Sitoki. Mlikifanyia usafi kioo hicho Alhamisi. Nimeuliza, sijajibiwa." Lusia akawageukia watoto waliokuwa wameketi kwenye nyasi, darasa baada ya darasa. Hakuwa amepanga. Aliuliza kwa hasira tu, kama mtu anayetupa jiwe kichakani. "Wanangu! Ile darubini ya mgeni, nani aliisafisha?"

Na hapo mbele kabisa, kidato cha kwanza, safu nzima ya mikono ikaenda juu.

Waliinua kwa furaha, maskini. Wengine walinyanyua hata matako ili waonekane. Hakuna aliyekuwa amewaonya. Watu wazima walitunga uongo wao wote, wakauandika na kuusaini, wakasahau kuwaambia watoto waliosifiwa mstarini kwamba ile sifa imegeuka.

"Mimi! Mimi, mama!"

"Sisi ndio, tulifungua skrubu za kule nyuma!"

"Mkuu alisema kioo kina uchafu, kisuguliwe king'ae kama sinia. Tukasugua kwa stilwaya ya masufuria na sabuni ya unga!"

"Ijumaa tukapigiwa makofi ya kilo!"

Kuna baba mmoja nyuma alicheka, kisha akajiziba. Hiral hakucheka. Alimgeukia mkuu, akasema polepole: "Niletee."

Kililetwa kimefungwa kwenye gazeti. Akakifungua mapajani. Akakigeuza huku na huku kwenye jua, na hakikurudisha kitu, ila mwanga mchafu.

"Baba hakuturuhusu hata kupulizia pumzi hapa," alisema. "Mimi mwanawe sijawahi kukigusa."

"Mama, tulikuwa tunakuandalia mapokezi..." mkuu akaanza.

"Hukuwa unajua, mwalimu, hilo ningelielewa. Kutojua si dhambi. Lakini umemtupia mtoto." Akasimama. "Huyo Blandina yuko wapi?"

"Amekatazwa kuja," Lusia akajibu. "Na nataka jina lake lisafishwe hapahapa. Alimwita mwizi mbele ya shule nzima, amuondolee mbele ya shule nzima."

Mkuu akamtazama mgeni, akatazama wazazi, akatafuta pa kutokea, hakupaona. Akasema kitu chini chini.

"Hatusikii, mwalimu! Siku ile sauti yako ilifika barabara kuu!" Lusia akamwambia.

"Blandina si mwizi," akasema mkuu wa shule. "Atarudi Jumatatu."

Hiral alikifunga kioo kwenye mtandio wake. Aliwaaga wazee kwa heshima, akamshika Lusia mkono kwa mikono yote miwili, akaingia kwenye gari akarudi Iringa. Kuhusu maabara hakusema neno, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza.

* * *

Jumatatu Blandina alivaa sare, akaenda. Gerson aliomba dua ndefu kabla ya chai. Lusia alishuka sokoni na gunia la viazi, na pale ndipo alipoonjeshwa machungu. Mwanamke wa kwanza hakuitika salamu. Wa pili aliitika kwa mgongo. Wa tatu, aliyekuwa amekaa karibu naye kwenye sherehe, alimwambia usoni: "Umefurahi? Wako amerudi darasani. Wetu wamekosa maabara."

"Maabara ya kuosha kwa stilwaya?" Lusia akamjibu, lakini jibu lenyewe halikumpa raha.

Kabla saa ya chai haijafika alisikia habari kutoka kwa mtoto wa muuza vitumbua, ametumwa sukari, amepita shuleni na anakimbia kurudi: kidato cha kwanza wote wako uwanjani, wanachapwa. Kosa? Utovu wa nidhamu mbele ya mgeni.

Lusia akaacha viazi vyake hapohapo. Gerson, aliyekuwa anapakia mizigo upande wa pili, alimwona akivuka barabara bila kutazama malori, akamkimbilia.

"Mama Blandina, unakwenda wapi? Nakuomba. Mtoto wetu yuko darasani. Ukienda leo watamtoa tena, na safari hii hatoki mtu Iringa kuja kumtetea."

"Najua."

"Hao wana wazazi wao!"

"Wako wapi? Nionyeshe mmoja."

Gerson akatazama soko zima, akakosa wa kumwonyesha. Lusia akaenda.

Watoto walikuwa wamepangwa uwanjani, uleule wa netiboli, mstari mmoja mrefu. Waliokwishachapwa walikuwa upande mmoja, wamebana viganja makwapani. Mwalimu Eliezeri alisimama verandani na suti yake, anatazama tu. Aliyeshika fimbo alikuwa Mwalimu Jailos, shati limelowa jasho kwenye baridi ile, na kila alipoipandisha alifumba macho.

Zamu ilikuwa ya mtoto mdogo kabisa, sweta lake linafika magotini. Lusia akaingia katikati yao.

"Wewe, mwanangu, uliinua mkono siku ile?"

"Ndiyo, mama."

"Kwa nini uliinua?"

Mtoto akamtazama kwa mshangao, machozi yako tayari kwenye kope, haelewi swali gani hilo. "Si uliuliza?"

"Mama, toka hapo!" mkuu akapaza sauti kutoka verandani. "Blandina bado ni mwanafunzi wangu, nakukumbusha!"

Kwenye dirisha la kidato cha nne kulikuwa na nyuso nyingi, na mmojawapo Lusia aliujua bila kuutazama. Akamsukuma yule mtoto nyuma yake taratibu. Akakunja mikono ya blauzi, akanyoosha viganja vyote viwili mbele ya Mwalimu Jailos.

"Ni kweli, niliuliza mimi," alisema. "Anza na mimi, mwalimu. Na ufumbue macho."